Tulipomsubiri Kashinje

Mama mkwe wangu alipiga vigelegele. Mama yangu mzazi akalia kwenye simu. Habari waliyopewa ilikuwa moja: mtoto aliyemo tumboni mwangu ametanguliza makalio, kichwa kimekaa juu chini ya mbavu, na mimba imekwisha kuingia mwezi wa tisa.

Mama mkwe ni Msukuma. Kwao mtoto anayezaliwa kwa kutanguliza miguu au makalio huitwa Kashinje, kama vile mapacha wanavyoitwa Kulwa na Doto, na anayewafuatia akaitwa Shija. Hakuna kikao cha ukoo cha kutafuta jina, kwani mtoto amekwisha kujitaja. Na kifungua mimba wake, ambaye ndiye mume wangu, ni Kashinje. Alimzaa nyumbani, mikononi mwa mama yake mwenyewe, na kisa hicho amekisimulia hadi wajukuu wanaweza kukimalizia. Kwake habari ile ilikuwa salamu kutoka kwa ukoo.

Mama yangu ni mtu wa Pangani. Alilelewa na mabibi waliolitaja neno kigego kwa kunong'ona: mtoto wa mkosi, hasa yule aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na kwa baadhi yao hata yule aliyekuja duniani kinyumenyume. Mama hayaamini hayo. Ni mwanamke wa sala tano na gazeti la kila asubuhi. Alilia kwa sababu nyingine. Mtaani kwao aliwahi kushuhudia uzazi wa namna hiyo, mwili ukatoka na kichwa kikabaki, na alichokiona siku ile hajawahi kunisimulia mpaka mwisho.

Kati ya vigelegele na kilio nilikuwapo mimi, mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Sengerema, mimba ya kwanza, na kadi ya kliniki ambayo mlalo wa mtoto ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nyekundu na kupigiwa mstari.

Sista aliyeandika hivyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinilaza kitandani, akasugua viganja vyake vipate joto, akaanza kunipapasa kutoka juu kushuka chini. Juu alikuta kitu kigumu cha mviringo, ambacho akikigusa upande huu na huu kinacheza peke yake bila mwili kufuata. Hicho ni kichwa. Chini, juu kidogo ya kinena, alikuta kitu kipana na laini. Akachukua kipembe cha kusikilizia, akakisimamisha juu ya kitovu changu, akaweka sikio. Huko ndiko moyo ulikosikika kwa nguvu. Mtoto aliyetanguliza kichwa, moyo wake husikika vizuri zaidi chini ya kitovu. Bila umeme wala mashine, sista alikuwa amekwisha kujua. (Kipembe kile ni cha Mfaransa Adolphe Pinard, aliyekibuni mwaka 1895. Bwana huyo huyo, mwaka 1878, alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya kupapasa tumbo la mjamzito na kumgeuza mtoto kwa mikono kutoka nje. Nitarudi kwenye mikono hiyo.)

Nikamuuliza, "Sista, atageuka?"

Akanijibu kwa swali: "Asipogeuka, mama, utajifungulia wapi?"

Swali lilinikata maini. Katika wiki zilizofuata nilipewa ushauri na ndugu, majirani, walimu wenzangu, hata kondakta wa basi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza tena jambo hilo. Wote walishughulika na kumgeuza mtoto. Leo nikikaa na wajawazito, naona bado ni hivyo: nguvu yote inakwenda kwenye kugeuka, na mahali pa kuzalia panaachwa paje penyewe.

Tarakimu ndizo zilizonituliza kwanza. Mimba ikiwa ya wiki 28, karibu robo ya watoto wako kichwa juu. Wana nafasi, wanajipindua watakavyo. Wanavyozidi kukua nafasi inabana, na wengi hushusha kichwa wenyewe. Ikifika wiki ya 37 wanaobaki kichwa juu ni 3 au 4 katika kila 100. Kwa hiyo mwanamke anayeambiwa wiki ya 30 kwamba mtoto "amekaa vibaya" hana sababu ya kukosa usingizi. Mtoto hajakaa vibaya, hajamaliza kukaa tu. Wiki ya 36 ikishapita hesabu inabadilika. Kwa mimba ya kwanza, wanaojigeuza wenyewe baada ya hapo hawafiki mmoja kati ya 10, maana tumbo ambalo halijawahi kuzaa bado limekaza. Mimi nilikuwa upande huo wa hesabu.

Kisha zikaja lawama. Nilipanda sana bodaboda. Nililala chali. Nilifunga kanga kwa nguvu. Nilishinda kitini nikisahihisha madaftari, mtoto akaniiga. Mwalimu mwenzangu mmoja, kwa upole kabisa, alinishauri nifikirie kama kuna mtu nimekosana naye, nimalizane naye kwanza. Madaktari nao wana sababu zao: uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, mfuko wenyewe kuwa na umbo la tofauti, kondo la nyuma kukaa chini karibu na mlango, maji kuzidi au kupungua, mimba ya mapacha, uchungu kuanza kabla ya miezi kutimia. Mara nyingi hawakuti lolote kati ya hayo.

Lakini liko jambo nililolisoma nikacheka peke yangu sebuleni. Mwaka 2008 watafiti wa Norwei walichapisha matokeo ya kulinganisha kumbukumbu za uzazi za vizazi viwili. Waliona kwamba mtu aliyezaliwa kwa kutanguliza makalio ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata kifungua mimba wa namna hiyo, na ni hivyo hivyo awe ni mama au ni baba. Mama mkwe hakuwahitaji Wanorwei. Tangu siku ya kwanza alikuwa amesema, "Huyu ni wa kwetu." Mume wangu aliposoma naye, alikaa kimya kidogo kisha akatoa hukumu: "Basi bodaboda iachiwe huru."

Nilijaribu kila kitu kisicho na madhara. Nilipiga magoti na kushusha kifua mpaka sakafuni, makalio juu, mume wangu akitazama saa. Nililala kiuno kikiwa juu ya mito. Nilipiga deki kwa magoti nyumba iliyokwisha kuwa safi. Niliwekewa simu inayopiga kwaya chini ya tumbo, ati mtoto atashuka kuifuata. Rafiki aliyesoma China alinisimulia tiba ya kufukiza majani makavu karibu na kidole cha mwisho cha mguu; si porojo, watafiti waliijaribu huko kwa wajawazito wa kweli na kuchapisha matokeo yenye matumaini mwaka 1998, lakini majani hayo Sengerema ningeyapata wapi. Kuhusu kupiga magoti, majaribio yaliyofanyika yamekusanywa pamoja na hayajaonyesha kwamba mkao huo unamgeuza mtoto. Mwanamke anayesubiri anahitaji kitu cha kufanya na mikono yake, hivyo sijutii ile deki.

Kuchuliwa tumbo ni habari nyingine. Shangazi yangu wa pwani alimjua mkunga wa jadi mwenye mikono ya sifa, na alikuwa tayari kumlipia nauli ya basi hadi Mwanza. Siwezi kusema mikono hiyo haina elimu. Wakunga waliwageuza watoto kwa kupapasa kabla hospitali hazijajengwa, na anachofanya daktari leo kina asili hiyo hiyo. Ila mkunga aliyeketi juu ya mkeka hana njia ya kujua kondo limekaa wapi, wala mtoto anaupokeaje msukumo. Kondo likibanduka, mama hutokwa damu ndani kwa ndani na mtoto hukosa hewa, na hapo zimebaki dakika, si saa. Mjadala huo aliufunga mtu ambaye sikumtarajia. Mama mkwe alisema, "Mkamwana, mimi nilizalia nyumbani kwa sababu barabara haikuwapo. Kwako barabara ipo."

Barabara ilikuwapo, ila katikati yake palikuwa na ziwa. Siku hizo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado. Kutoka kwetu kwenda Mwanza ulisubiri kivuko pale Busisi pamoja na malori, mabasi ya Geita na Bukoba, na wauza mahindi ya kuchoma. Maji yenyewe ni kilomita 3 tu. Kilichokula saa ni foleni. Tulikuwa tunakwenda kupiga ultrasaundi, nikiwa nimekaa ndani ya gari la kukodi na mgongo ukiniuma, ndipo swali la sista likanirudia likiwa na sura nyingine: je, ingekuwa ni saa nane za usiku na chupa imepasuka?

Hofu hiyo ina maana yake. Kichwa kikitangulia, huziba njia sawasawa, hata maji yakitoka ni nadra kitu kupita. Makalio huziba kwa kiasi. Miguu haizibi kabisa. Chupa ikipasuka, kamba ya kitovu inaweza kuteleza na kushuka mbele ya mtoto, ikabanwa, na kamba hiyo ndiyo hewa yake. Ndiyo sababu mwenye mtoto aliyekaa hivyo huambiwa asisubiri uchungu ukolee nyumbani kama wengine. Maji yakimwagika, safari inaanza saa hiyo hiyo.

Mwanza tulipimwa. Watoto hawa hukaa kwa namna tatu: yupo aliyechuchumaa, magoti yamekunjwa, yupo aliyenyoosha miguu juu mpaka nyayo ziko usoni, na yupo aliyetanguliza mguu mmoja au yote miwili, ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi. Wangu alikuwa wa pili. Kondo lilikuwa juu, maji ya kutosha, hakuna uvimbe. Daktari, mtu mzima aliyekuwa anakaribia kustaafu, alitazama picha akasema tunaweza kujaribu kumgeuza, akanieleza bila kupamba. Kwa jumla nusu ya majaribio hufaulu. Kwa mimba ya kwanza ni kama 4 kati ya 10, kwa waliokwisha kuzaa ni kama 6. Mara moja katika 200 hivi, moyo wa mtoto hukataa kutulia au damu hutoka, na mama hupelekwa kwenye upasuaji wa haraka, kwa hiyo kazi hii haifanywi mbali na chumba cha upasuaji. Haifanywi kwa mapacha, wala chupa ikishapasuka, wala kondo likiziba njia. Mwenye damu ya kundi hasi hupewa sindano maalumu baada ya hapo, ili mwili wake usijenge uadui na damu ya mtoto.

Nilichomwa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi, ya jamii moja na dawa za wenye pumu. Moyo ulinienda mbio, vidole vikatetemeka. Moyo wa mtoto ukasikilizwa kwanza. Kisha daktari akapaka mafuta, mkono mmoja ukayainua makalio kutoka kwenye nyonga yangu, mwingine ukakiinamisha kichwa, akitaka mtoto apige pindu la mbele. Hii ndiyo mikono ya Pinard niliyosema nitairudia. Kuuma kunauma, si uchungu wa kuzaa, lakini si kupapaswa kwa kliniki pia. Mtoto alikwenda hadi akalala mkingamo, tumbo langu likawa pana ajabu, nikahisi tumeshinda. Akateleza akarudi alikotoka. Daktari akasikiliza moyo, akangoja, akajaribu upande wa pili, akaondoa mikono.

"Amekataa," akasema. "Na mimi simlazimishi."

Nimekuja kuiheshimu sentensi hiyo kuliko hata ujuzi wa mikono yake. Wapo wanaojua kusukuma. Wanaojua kuacha ni wachache. Siku ile sikuiheshimu, nililia kwenye korido. Mume wangu akaketi kando yangu akasema, "Kashinje hasukumwi. Muulize mama."

Ikabaki kuamua namna ya kuzaa. Daktari alinieleza kwa nini kizazi chake na kizazi cha vijana wake havizalishi kwa namna moja. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Toronto, wajawazito 2,088 katika nchi 26, wote wenye watoto waliokaa hivi. Nusu walipangiwa upasuaji, nusu walipangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida. Kwa waliopangiwa njia ya kawaida, watoto 5 katika 100 walikufa au kuumia vibaya. Kwa waliopangiwa upasuaji ilikuwa 1.6. Hospitali za nchi nyingi zikabadilika karibu kwa mkupuo. Baadaye habari ikawa na pande zaidi. Baadhi ya watoto hao walipofuatiliwa hadi miaka miwili, hapakuonekana tofauti ya vifo wala ya ukuaji wa akili kati ya makundi hayo. Na mwaka 2006 utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji, ambako mama walichaguliwa kwa masharti makali na wazalishaji wamezoea kazi hiyo, haukuona tofauti kubwa ya namna ile. Katika nchi zenye vifo vingi vya watoto wachanga, hata ule utafiti wa kwanza ulionyesha faida ndogo zaidi ya kisu.

Kilichopotea katikati ya hayo yote ni mikono. Kumzalisha mtoto aliyetanguliza makalio ni kazi ya subira: kosa kubwa ni kuvuta. Ukivuta, mikono ya mtoto hupanda juu ya kichwa na kidevu huinuka, na kichwa, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote na kinakuja mwisho, hukwama. Mtaalamu huacha mwili ushuke wenyewe kwa nguvu za mama, ndipo asaidie mabega na kichwa kwa hatua anazozijua. Hilo hujifunzwa kwa kufanya, na kwa kuwa sasa wengi hupasuliwa, vijana hawapati kufanya. Nilielewa hapo kile alichokiona mama yangu Pangani: huenda mtu alivuta.

Daktari akasema, "Mwalimu, mimi nimezalisha wengi wa aina hii na wewe unafaa. Ila siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa zamu."

Hapo niliamua. Takwimu za nchi 26 ni wastani. Mimi nilikuwa nazaa mara moja, katika hospitali moja, kwa zamu moja. Kama aliye zamu saa tisa usiku ni mpasuaji mzuri ambaye hajazoea makalio, basi kwangu njia salama ni kisu chake. Mwenzangu aliye mahali ambapo mkunga mzoefu yupo usiku na mchana anaweza kuamua kinyume changu na asiwe amekosea. Sioni haja ya sisi wawili kushindana nani mama zaidi.

Mama alikuwa na shaka. Kisu, alisema, ni mambo ya Wazungu. Nikampigia simu ndefu nikamsimulia habari ya Kahura, katika Bunyoro, Uganda ya leo. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko mganga wa Kiafrika akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Mganga alimpa mama pombe ya ndizi impunguzie maumivu, akatumia pombe hiyo hiyo kunawa mikono na kuosha tumbo, akakausha damu kwa chuma cha moto, akafunga kidonda kwa vipini vya chuma na nyuzi za gome la mti. Felkin aliondoka akimwacha mama na mtoto wote hai, naye akayaandika hayo mwaka 1884. Mama akanyamaza. Kisha akauliza, kwa wasiwasi wa mtu wa sala tano, kama na huko Mwanza wanatumia pombe ya ndizi. Nikamwambia siku hizi ni sindano ya mgongoni.

Sasa swali la sista likapata jibu. Nilihamia Mwanza kwa shangazi wa mume wangu, mahali ambapo bajaji inafika hospitali kabla hujamaliza kusoma dua. Asiye na ndugu mjini aulize kama hospitali aliyoelekezwa ina nyumba ya mama ngojea, ambako wajawazito wa mbali hukaa wiki za mwisho. Mume wangu na walimu wenzake wawili walikwenda kupima makundi ya damu yao, wawe tayari kunichangia ikihitajika. Likizo yangu ya uzazi, zile siku 84, ikaanza kuhesabika mtoto akiwa bado tumboni, na nikarudi darasani akiwa mchanga kuliko nilivyotaka. Hiyo ni bei halisi, na wanaotoa ushauri huwa hawaitaji.

Chupa ilipasuka kabla ya tarehe ya upasuaji, usiku wa kuamkia Ijumaa. Ningekuwa Sengerema ningekuwa ng'ambo ya maji. Nilikuwa Nyegezi, shangazi akiwa amekwisha kuvaa viatu kabla sijamaliza kumwita. Mengine yalikwenda haraka: moyo ukasikilizwa, kidole kikahakikisha kamba haijashuka, sindano ya mgongoni, shuka la kijani. Hata kwa kisu mtoto hutolewa kwa namna alivyokaa. Nilihisi kuvutwavutwa, nikamsikia mtu akisema "msichana" kabla ya kusikia kilio, maana sehemu inayoonyesha hilo ilitoka kwanza.

Miguu yake haikushuka. Kwa siku kadhaa ilibaki imepanda kuelekea usoni. Ukiinyoosha taratibu inarudi kule ilikozoea. Mama, aliyefika kutoka Pangani na sanduku la kanga, alitaka kumkanda viungo na kumviringisha nguo miguu ikiwa imenyooka, inyooke. Daktari wa watoto alimkataza kwa heshima. Mtoto aliyekaa kichwa juu, na hasa msichana, ana hatari zaidi ya kuwa na nyonga ambayo kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa vizuri ndani ya kikombe chake, na kufunga miguu iliyonyooshwa huongeza hatari hiyo. Nyonga zilikaguliwa siku zile za kwanza, na alipotimiza wiki sita tukarudi kwa ultrasaundi. Zilikuwa nzima. Ni kipimo ambacho huenda usiambiwe usipouliza, nami nashauri kiulizwe, kwani nyonga iliyogunduliwa mapema hutibiwa kwa mkanda laini, na iliyogunduliwa mtoto akitembea mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Mama mkwe alifurahi kusikia kwamba kubebwa mgongoni, magoti yakitanuka kumzunguka mbebaji, hakudhuru nyonga bali huisaidia. Alikuwa amekwisha kuleta mbeleko.

Likabaki jina. Je, aliyetolewa kwa kisu ni Kashinje? Wazee wawili wa ukoo walisema hapana, kwa kuwa hakupita njia. Mama mkwe alimfuata muuguzi wodini.

"Mwanangu, kilitangulia nini?"

"Makalio, mama."

"Na kichwa?"

"Kichwa kilikuja mwisho."

Akageuka kwa wazee: "Mmesikia." Mama yangu akampa jina la pili, Mwanajuma, kwa siku aliyozaliwa, na neno kigego halikutamkwa na mtu.

Mdogo wake alitanguliza kichwa na kuzaliwa kwa njia ya kawaida, lakini hospitalini na chini ya uangalizi, kwa sababu mfuko wa uzazi uliokwisha kushonwa haupaswi kuingia kwenye uchungu mahali pasipo na chumba cha upasuaji.

Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ile ya kivuko imekuwa hadithi. Lakini sehemu nyingi za nchi bado zina maji, tope au giza kati ya mama na upasuaji. Wewe uliyefika wiki ya 36, usiondoke kitandani kliniki kabla mkunga hajakwambia ni kitu gani kiko chini, na kukiandika kwenye kadi. Kama si kichwa, uliza siku hiyo hiyo nani anaweza kukugeuzia, upasuaji uko wapi, na usiku utafikaje. Huku Kanda ya Ziwa, Sengerema ikiwamo, ndiko ulikoanzia mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, na sasa unafanya kazi nchi nzima. Namba ni 115, na kupiga ni bure.